Tuanze na Kitambaa Kabla ya Ukumbi



Mwaka jana, binti yangu alipokuwa mja mzito wa miezi saba, alinijia jikoni akaniuliza: "Baba, zile nguo alizotushonea mama tulipokuwa wadogo ziko wapi? Nataka mtoto avae moja siku ya arobaini yake." Sikuwa na la kumjibu. Mke wangu alipofariki miaka 9 iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, nilikusanya sanduku zima la nguo za utotoni lililokuwa chini ya kitanda nikalipeleka duka la hisani lililo karibu nasi hapa London. Niliona ni vitambaa vikuukuu vinavyokula nafasi. Kanzu tatu ndogo, magauni ya marinda, kofia ya mtoto yenye viua, vyote vilikwenda pamoja na sufuria na mapazia.

Kwa miaka 34 nilikuwa karani. Kazi yangu ilikuwa kutunza majalada, kujua lipi lihifadhiwe na lipi litupwe, na sikumbuki kupoteza hata moja la ofisini. Jalada la nyumbani kwangu nililitupa kwa mikono yangu.

Na kosa hilo lilikuwa na mzizi wa zamani. Tulipohamia hapa katika miaka ya 1980, marehemu alikuwa akishona usiku baada ya watoto kulala. Mimi nilimkataza. Nilimwambia watoto wavae nguo za dukani kama wenzao, watu wasije wakadhani tumeshindwa na maisha, na kwamba mlio wa cherehani unawakera majirani. Hakubishana nami. Aliifunika cherehani kwa kitambaa, akaendelea kushona kwa sindano ya mkono ili nisisikie. Hayo niliyajua baadaye sana, na nayaandika hapa kwa sababu nadhani si mimi peke yangu niliyetenda hivyo.

Rai yangu ni fupi. Sisi wa ughaibuni tumekuwa hodari wa kufanya shughuli za watoto, lakini tumeugeuza mpango wake juu chini. Tunaanza na ukumbi, tunamaliza na nguo. Nasema tuanze na kitambaa. Nguo ya mtoto ikishonwa na mikono ya jamaa zake, miezi miwili au mitatu kabla ya siku yenyewe, nusu ya shughuli imekwisha kufanyika, na ndiyo nusu itakayobaki.

Tazameni tunavyopanga leo. Mtoto hajazaliwa, ukumbi umekwisha kukodiwa. Hufuata rangi za mapambo, maputo, keki ya ghorofa tatu, mpiga picha na mwenye kipaza sauti. Nguo huagizwa kwa intaneti siku nne kabla. Huja katika mfuko wa plastiki, imetengenezwa kwa nailoni, shingo inambana mtoto, na mtoto hulia mpaka avuliwe. Jioni hiyo hiyo hutiwa kabatini na haivaliwi tena. Ukiuliza mwaka ujao nini kilibaki katika shughuli ile, utaonyeshwa picha katika simu, na simu nayo itabadilishwa.

Wazee wetu hawakuwa na fedha za kumbi, na sidai kwamba umaskini ni fadhila. Lakini mpangilio wao ulikuwa na akili. Mimi nilizaliwa Unguja. Nakumbuka kila ilipokaribia Idd, baba alinunua kitambaa Mchangani, jora moja kwa watoto wote, wakubwa kwa wadogo. Fundi alitupima mmoja mmoja huku akiita vipimo na mwanafunzi wake akiandika. Usiku wa kuamkia Idd mafundi hawakulala. Ulipita njiani ukasikia cherehani zikienda kama mvua juu ya bati. Asubuhi tulikwenda Mnazi Mmoja kusherehekea sikukuu tukiwa tumevaa kitambaa kimoja, na mtu yeyote wa mtaani akituona alijua sisi ni watoto wa nani. Nguo ile ilikuwa hati yetu ya nasaba, tukaivaa mwilini.

Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1970, bidhaa zikaadimika Unguja na chakula kikagawiwa kwa kipimo. Kitambaa kipya kilikuwa ndoto. Mama yangu alichukua shuka lake jeupe la harusi, akalifumua pindo, akalipima kwa shubiri, akakata kanzu mbili na gauni moja. Mabaki aliyafanya leso za mkononi. Sijapata kuvaa nguo niliyojivunia zaidi ya ile, na nimevaa suti nyingi katika ofisi za Waingereza.

Wengine watasema hayo ni ya huko na ya zamani. Hapa ni Ulaya. Nawakumbusha kwamba suala hili la mzazi wa kwetu kulea mtoto Ulaya halikuanza nasi. Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani Seyyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akajulikana kwa jina la Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870, akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugenini. Mwaka 1875 alikuja hapa London akitaraji kuonana na ndugu yake, Sultani Barghash, aliyekuwa ziarani, na hakufanikiwa. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa mwaka 1886, na mwenyewe aeleza kwamba alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, kwa kuwa hawakujua chochote kuhusu asili ya mama yao ila kwamba ni Mwarabu aliyezaliwa Zanzibar. Akaweka humo sura nzima juu ya kuzaliwa kwa mtoto na miaka yake ya mwanzo katika nyumba za kwao. Binti wa mfalme aliona kwamba mambo ya mtoto mchanga, nguo zake na siku zake, yanastahili kuandikwa sawa na mambo ya dola.

Si kila mmoja wetu ataandika kitabu. Lakini kanzu ya mtoto mchanga haihitaji zaidi ya mita moja ya kitambaa, na karibu kila mtu anaweza kujifunza kushona mshono ulionyooka.

Wala wajukuu wetu wasidhani kwamba huku ni kujitenga na nchi waliyozaliwa. Wenyeji wenyewe wanalijua jambo hili. Gauni la ubatizo la ukoo wa kifalme lilishonwa mwaka 1841 kwa ajili ya binti wa kwanza wa Malkia Victoria, likavaliwa na watoto wa ukoo huo kizazi baada ya kizazi. Lilipochakaa kiasi cha kutoweza kuvaliwa tena, hawakununua jingine dukani. Walishona mfano wake, nao ukaanza kuvaliwa mwaka 2008. Watu wenye uwezo wa kununua chochote duniani walichagua kurudia mshono ule ule. Basi sisi tuone haya ya nini?

Nirudi kwa binti yangu. Nilipomweleza ukweli alilia, kisha akanyamaza siku mbili, kisha akasema: "Basi tushone nyingine." Dada yangu mkubwa, ambaye ana miaka 78, ndiye pekee aliyebaki katika ukoo wetu wa hapa anayejua kushona kofia ya viua. Jicho lake moja limeingia mtoto wa jicho na la pili linafuata. Tulianza mwezi wa Septemba, kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, jikoni kwa binti yangu: dada yangu, binti yangu, wapwa zangu wawili, mjukuu wangu wa kiume mwenye miaka 11, na mimi niliyekuwa sijashika sindano tangu utotoni.

Nitawapa mpango wetu kama ulivyo katika daftari langu, kwa manufaa ya anayetaka kuufuata.

Jumamosi ya kwanza tulinunua kitambaa. Tulikwenda Goldhawk Road, Shepherd's Bush, kwenye maduka ya vitambaa yaliyopangana. Tulichukua mita mbili za pamba nyeupe nyembamba, ile ambayo mama zetu wakiita melimeli. Kitambaa, uzi na sindano viligharimu pauni 19. Tulikifua na kukipiga pasi kabla ya kukata, maana pamba hurudi ikifuliwa, na kanzu iliyokatwa kabla ya kufuliwa humvaa mtoto mara moja tu.

Jumamosi ya pili tulikata. Dada yangu aliwafundisha watoto majina ya vipande, nami nikayaandika: badani, kipande cha mwili, taharizi, vipande vya pembeni vinavyoipa kanzu upana, kikwapa, kipande kidogo cha chini ya kwapa kinachouwezesha mkono kuinuka bila mshono kupasuka, kaba, kitambaa cha ndani cha shingo, sijafu, pindo la mkono. Mjukuu wangu, ambaye kwa kawaida humjibu bibi yake kwa Kiingereza, alirudia maneno hayo mpaka akayashika.

Jumamosi tatu zilizofuata tulipiga bandi kisha tukashona. Pindo la chini tuliliacha nene, vidole vitatu, ili kanzu ifumuliwe na kurefushwa mtoto anapokua. Hatukutia vifungo, maana mtoto mchanga hutia kila kitu kinywani. Shingo tuliifunga kwa utepe mfupi ulioshonwa imara. Kwa ukarani wangu nilihesabu sindano kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na hakuna aliyeinuka mpaka hesabu ilipolingana. Ndani ya kaba binti yangu alidarizi kwa uzi wa buluu jina la mama yake, kwa herufi za Kiarabu, na mwaka.

Kofia ilikuwa kazi nyingine. Anayeijua kofia ya mkono anajua kwamba ni safu kwa safu za vitundu vidogo, kila kimoja kikizungushiwa uzi kwa sindano, juu ya kitambaa cha tabaka mbili. Ni kazi ya miezi. Ndiyo kofia iliyovaliwa Unguja na Lamu, na jamaa zetu waliorudi Oman baada ya mwaka 1970 wanaiona kila siku katika kichwa cha Mwomani, wakiiita kumma. Dada yangu alishona safu ya kwanza kwa kuigusa zaidi kuliko kuiona. Safu ya pili aliishona mpwa wangu, ikawa imepinda. Dada yangu aliipapasa kwa kidole akasema, "Fumua, mwanangu." Akafumua. Akashona tena, ikapinda kidogo zaidi. "Hii iache," akasema dada. "Itakumbukwa kwa kupinda kwake."

Katika Jumamosi hizo nilisikia mambo ambayo sikupata kuyasikia katika kumbi zote nilizoalikwa. Dada yangu alieleza namna mama yetu alivyotutoa Unguja, nani alibaki, nani alizikwa Mombasa, na kwa nini shangazi mmoja hakusema na mwingine kwa miaka 20. Hakuna aliyemhoji. Mikono ilikuwa na kazi, macho yako chini, na maneno yakatoka yenyewe. Tunalalamika kwamba watoto hawajui Kiswahili. Mtoto hajifunzi lugha kwa kuambiwa "sema Kiswahili". Hujifunza akiambiwa "tunga uzi", "piga fundo", "vuta polepole", naye akaona kwamba asipoelewa, uzi unakatika.

Ziko hoja dhidi ya rai hii, nami sitaki kuzikwepa.

Ya kwanza ni wakati. Vijana wetu wanafanya kazi mume na mke, na safari ya treni inawala saa mbili kwa siku. Ni kweli. Lakini nimezihesabu saa ambazo binti yangu na mumewe walizitumia katika shughuli ya mtoto wao wa kwanza, kutembelea kumbi, kujibizana na mwenye maputo na kurudisha nguo isiyofaa, na zilizidi saa tulizoshona kanzu hii. Wakati tunao. Ila tumeukabidhi kwa wauzaji.

Ya pili inatoka kwa mabinti, nayo ina uzito. Wanasema: mnataka kuturudisha kwenye sindano ili wanaume wakae barazani wanywe kahawa. Jibu langu ni kwamba Unguja niliyokulia wanaume walikuwa wakishona. Mafundi wa kanzu walikuwa wanaume, na nimewaona wazee wakikaa barazani na kofia mikononi, wakishona huku wakizungumza. Mwanamume atakayekubaliana na makala haya kisha akampa mkewe kitambaa na kwenda zake, hajanielewa. Mimi nimejifunza kupiga bandi nikiwa na miaka 66. Vidole vilitoboka, nikavaa subana, nikaendelea.

Ya tatu inatoka kwa wenye elimu ya dini, wanaouliza kama arobaini ina asili. Nasema kwa adabu: tusichanganye vitu. Akika ni sunna, nayo ina utaratibu wake wa kuchinja, kunyoa nywele na kutoa sadaka. Arobaini ni ada yetu, siku ya mama kutoka na jamaa kumwona mtoto na kumwombea dua. Ada haiwi faradhi, na asiyeifanya hana lawama. Lakini ikiwa tutaifanya, na wengi tunaifanya, basi afadhali iwe na kanzu ya pamba na dua kuliko deni la ukumbi.

Sisemi kumbi zifungwe. Familia zetu ni kubwa, nyumba za hapa ni ndogo, na jirani wa chini ana haki yake. Nasema tu ukumbi uje mwisho, kwa kadiri ya mfuko, baada ya nguo kwisha.

Arobaini ya mjukuu wangu ilikuwa mwisho wa Novemba. Tuliifanyia nyumbani, watu 23, kwa zamu: wanawake mchana, wanaume baada ya magharibi. Palisomwa Barzanji, ukafukizwa udi, mrashi ukapita na mawardi yake. Chakula kilikuwa sambusa, vitumbua, mkate wa kumimina, halwa iliyoletwa na jamaa kutoka Muscat, na kahawa. Mtoto alivaa kanzu yake ya melimeli na kofia nyepesi isiyo na kazi, ambayo tulimvua alipolala, kwani wauguzi wa hapa huonya mtoto asilazwe na kofia. Hakulia. Wageni walipoishika kanzu wakauliza nani ameishona, mjukuu wa miaka 11 alijibu kabla ya wakubwa: "Sote. Kikwapa hiki nimeshona mimi." Alitumia neno hilo hilo, kikwapa, katika nyumba ya London, mwaka huu wetu.

Kofia ya viua haikuwahi. Hadi ninapoandika haya imebaki safu nne, na dada yangu sasa hawezi tena kuona tundu la sindano; anatungiwa uzi na watoto. Tumenuia iwe tayari kwa Idd, Mungu akipenda. Ikiwa yeye hatawahi kuimalizia, mpwa wangu anaweza.

Nawaomba mambo mawili, ninyi mnaosoma mlipo, Portsmouth, Muscat, Dubai, Mombasa au Toronto. La kwanza: kabla hamjatoa sanduku lolote la marehemu, lifungueni mbele ya watoto wake, na kila mmoja achague kipande. La pili: kama katika ukoo wenu yuko mzee mmoja anayejua kukata kanzu au kushona viua, msisubiri mimba wala harusi. Nunueni mita moja ya pamba Jumamosi hii, mkaketi naye. Ana majina ya vipande ambayo hayajaandikwa kwenu popote, na macho yake hayatawangoja.